Makaburi ya Nyuma ya Kanisa

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Mvua ilianza kabla ya misa na haikutuonea huruma hata kidogo. Bati la kanisa letu ni la zamani, limejaa matundu, na majivu niliyopakwa kwenye paji la uso yalishuka mpaka puani kabla sijarudi kwenye benchi. Padri Stanslaus akatukumbusha kwamba sisi ni mavumbi. Ni kijana, ametoka seminari juzijuzi, viatu vyake bado vinang'aa kama vya dukani. Nimefundisha shule ya msingi hapa Kemorare mpaka nikastaafu, na mtu ambaye bado hajachapwa na maisha namjua nikimwona.

Mwisho wa misa akatangaza. Mgodi unachukua kilima chote cha kanisa, watamwaga hapa mawe wanayotoa shimoni. Parokia itahamia ng'ambo ya barabara kuu. Kabla ya hapo wathamini watapita kuandika kila kilichopo: kanisa, nyumba, miti, makaburi. Kaburi litakalotambuliwa litahamishwa kwa heshima, padri na bwana afya wakiwepo.

Boma langu liko bondeni, haliguswi. Lakini mwanangu Nora yuko kule juu, nyuma ya kanisa. Asipotambuliwa atalala chini ya mlima wa mawe. Nimeliandika hili leo ili lisije likanipita.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimejaribu kupalilia, nimerudi na tope mpaka magotini.

Jumapili, 9 Machi

Mkurya hazikwi kanisani. Anazikwa bomani kwake, watu wake wampite kila asubuhi wakienda kukamua. Nyuma ya kanisa wamelala wasio na boma. Wengi ni wachimbaji waliokuja kufuata dhahabu kutoka Shinyanga, Geita na Singida, mashimo yakawaangukia. Pamoja nao yuko Nora.

Nora aliolewa Sirari. Alirudi kwangu anaumwa, akafia kitandani kwangu. Shemeji yangu Ryoba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu mume wangu afariki, akasema huyu ni mke wa watu, ng'ombe wao bado wako zizini kwetu, hawezi kulala bomani. Watu wa mume nao wakasema walishamfukuza. Mwili uko ndani, nje wanabishana. Padri wa wakati ule ndiye aliyesema, mleteni kwangu. Sikumchukia Ryoba. Ni mila, hakuitunga yeye, na toka siku ile amenilimia shamba kila msimu bila kuombwa.

Leo baada ya misa Ryoba, kama mwenyekiti wa walei, alitusimamisha nje chini ya upenu. Miteremko yote ya kilima imeshajaa vibanda. Huku kwetu tunaita kutegesha: unasimamisha kuta za tope na bati moja, au unachomeka miche mia shambani, ili mthamini akija akukute na mali ulipwe fidia. Vingine havina hata mlango.

"Wakristo wenzangu, tutumie akili," Ryoba akasema. "Kanisa jipya linataka bati, linataka benchi. Mgodi unalipa kila kaburi. Tukiongeza makaburi mawili matatu hapo nyuma, nani ataumia?"

Watu wakacheka. Padri akajifanya anatafuta funguo mfukoni. Mimi nilicheka pia, kwa sababu nilidhani ni utani.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipanda kufagia kanisa na Rhobi, mke wa Ryoba. Tukamkuta mchimbaji mmoja amechuchumaa makaburini, nguo zimejaa vumbi la mwamba, anatoa harufu ya gongo. Hawa watu siwapendi. Wanakuja, wanakunywa, wanapigana, wanaondoka.

"Unatafuta nini hapa?" nikamuuliza.

"Shikamoo, mayu. Nimekuja kumwona mdogo wangu." Aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akaonyesha msalaba wa mbao uliopauka. "Sospeter. Shimo lilimfunika mwaka juzi. Mimi naitwa Malimi."

Alikuwa amechonga jina kwa kisu, herufi ya S imegeukia upande usio wake. Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia.

Jumanne, 18 Machi

Si utani. Nyuma ya kanisa kuna vichuguu vipya vya udongo, virefu kama mtu, vimepangwa mistari. Vijana wa Ryoba walikuwa wanalundika na kuimba. Nikamwendea.

"Shemeji, hawa ni akina nani waliokufa?"

"Shemeji, usianze ualimu. Ni kwa ajili ya Bwana."

"Bwana gani anayejengewa kwa wafu wasiokuwepo?"

"Mura, endeleeni," akawaambia vijana, akanigeuzia mgongo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda kwa Padri. Tumsifu Yesu Kristu, milele na milele, amina, karibu chai. Nikamwambia awakataze. Akaikoroga chai yake kwa kijiko mpaka ikapoa.

"Mama, mimi mgeni hapa. Halmashauri ya walei imeshapitisha. Nikiwapinga, nani atanisikiliza Jumapili?"

"Kwani sasa wanakusikiliza?"

Akainamia kikombe chake. Nimerudi nyumbani nimekasirika, na nusu ya hasira najikasirikia mwenyewe, maana mwalimu hapaswi kumdhalilisha mtoto namna ile.

Jumatano, 26 Machi

Mvua kubwa ya mawe. Vichuguu vya Ryoba vimebonyea vyote, maana udongo umekaa juu tu ya nyasi. Wamelundika upya. Misalaba yao mipya ilikuwa myeupe mno, wakaipaka kinyesi cha ng'ombe na kuifukiza moshi ionekane ya siku nyingi. Nikiwa na roho nzuri ningecheka.

Ijumaa, 28 Machi

Leo sina hamu ya kuandika ila lazima. Misalaba ya wachimbaji imeng'olewa. Ile ya zamani, ya kweli, iliyopauka kwa jua. Wameihamishia kwenye vichuguu vyao ili vionekane vya zamani, na majina wameyakwangua. Mvua nayo imesawazisha yale makaburi ya kweli mpaka hujui mtu yuko wapi. Rhobi alikuwa anafagia altareni, hakuniangalia usoni.

"Rhobi, nani kafanya hivi?"

"Mimi sijui, mke mwenzangu. Uliza wanaume."

Ni mke wa shemeji yangu, tumeitana hivyo miaka yote. Leo neno hilo lilinikera.

Msalaba wa Nora haukuguswa kwa sababu ni wa chuma. Lakini kaburi lake ni udongo mtupu kama yale mengine, na limeanza kubonyea. Mthamini akipita kwa haraka ataliruka. Nimeogopa kweli.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemtuma mtu Nyamongo akaniletea saruji. Malimi ndiye aliyeichanganya. Alikuja hajanywa. Tangu jana anazunguka makaburini anahesabu hatua kutoka ukuta wa kanisa, anarudi, anaanza tena. Siku ya kumzika Sospeter alikuwa na jeraha kichwani, anakumbuka tu kwamba kulikuwa na nyasi ndefu; tangu hapo alikuwa anafuata msalaba tu.

"Ni upande huu, mayu. Au pale."

Tulimfunika Nora vizuri, saruji imelala sawa, nikaandika jina lake kwa msumari kabla haijakauka. Kazi nzuri, inaonekana kutoka kwenye lango. Hakuna mthamini atakayeliruka sasa.

Jumatano, 2 Aprili

Mawingu. Nimefua.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana sikuweza kushika kalamu. Naandika leo.

Wathamini walikuja saa nne asubuhi, mvua imekatika, wakiwa na bwana afya na askari wawili. Kiongozi wao ni mtu mnene mpole mwenye kofia. Walianza na kanisa, wakapima kuta, wakaandika benchi, kengele, mpaka mti wa mparachichi. Kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha wakazunguka nyuma.

Mnene akasimama. Akatazama mistari ya vichuguu, akatoa leso akajifuta shingo.

"Parokia ndogo hivi imezika watu wote hawa?"

"Kulikuwa na kipindupindu," Ryoba akasema bila kupepesa jicho.

"Hawa wote ni wa kwenu?"

"Wa ukoo wangu. Mimi ndiye mzee wao."

Yule mtu akanyoosha kidole kwenye kichuguu cha katikati, chenye msalaba uliopauka. Akamwambia askari amwite kijana mwenye jembe. Tukasimama hapo wote, parokia nzima, tukatazama jembe likishuka. Chini ya lile rundo kulikuwa na nyasi zimelala, bado za kijani. Akaonyesha kingine. Nyasi. Kingine tena. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kucheka kisha akanyamaza.

Mnene akafika kwa Nora. Akainama, akagusa saruji kwa kucha.

"Na hili? Hili hata mwezi halina."

"Saruji ni mpya," nikasema. "Aliyelala humo si mpya. Ni mwanangu. Nimelisakafia msije mkalipita."

"Mama, kila mtu hapa ana sababu."

Padri Stanslaus akaja mbio na kitabu cha marehemu cha parokia, amekifunua kwenye jina lake. Mthamini hakukipokea. "Padri, watu walioweza kulima makaburi, kuandika jina kutawashinda nini? Nileteeni mzee wa ukoo. Akisema huyu ni wao, nitaandika."

Mzee wa ukoo alikuwa amesimama palepale. Sote tukamgeukia. Ryoba alitazama viatu vyake. Alikuwa ametoka kusema makaburi yote ni ya kwake na yote yamekutwa matupu.

"Shemeji," nikamwambia. "Sema tu jina lake."

"Kwetu hatuziki kanisani," akasema. "Huyo simjui."

Mthamini akaandika neno moja, wakaondoka. Kilima chote hakina kaburi hata moja, ndivyo walivyoandika.

Najua alichoogopa. Aliogopa askari wale, aliogopa kuulizwa na watu kwa nini mtoto wa kaka yake yuko nje ya boma. Najua yote hayo na bado nimemchukia tangu jana. Nimemchukia mpaka ugali umenishinda kumeza. Alimbeba Nora mgongoni akiwa mdogo kuvuka mto wakati wa mafuriko. Halafu leo hamjui.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Nimekwenda misani nikakaa benchi la mwisho.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nilikwenda kwa Ryoba kabla ya Njia ya Msalaba. Rhobi alitoka nje alipoona nakaa.

"Shemeji, bado una nafasi. Twende ofisini wilayani, useme ulikosea."

"Nikisema hilo moja ni la kweli, wataniuliza niliyosema juu ya mengine. Nitafungwa. Unataka wajukuu wangu wabaki bila mtu?"

"Nora ni mtoto wako pia."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amelainika. "Nora alishakufa, Mokami," akasema.

Hajawahi kuniita jina langu tangu niolewe.

Pasaka, 20 Aprili

Tumeimba Aleluya. Bati linavuja palepale.

Jumanne, 6 Mei

Nguzo za uzio zimeanza kuchimbiwa upande wa mashariki. Magari makubwa yanapita toka asubuhi, vikombe vinatetemeka kabatini.

Alhamisi, 15 Mei

Malimi amekuwa akija kila akitoka shimoni. Ananikatia kuni, nampa uji. Ameacha gongo, au anajificha vizuri. Leo amesema mama yao yuko kijijini Geita, anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama kaburi la Sospeter limefagiliwa. Huwa anamjibu limefagiliwa.

"Ukimwambia ukweli?"

"Mayu, nitasema nini? Kwamba nimempoteza mara mbili?"

Jumapili, 25 Mei

Mvua zimepungua. Wameshusha kengele, wameanza kung'oa bati upande wa sakristia. Uzio umebakiza lango tu. Litafungwa Jumanne ya tarehe 3 Juni.

Niliingia sakristia, nikamwambia Padri nitamtoa Nora mwenyewe. Nilijiandaa kumpa maneno makali. Akavua miwani akaifuta kwenye kanzu.

"Kisheria ni kosa, mama."

"Najua."

"Nipe siku ya kufikiri."

Siku ya kufikiri! Nimemwacha na miwani yake.

Jumapili, 1 Juni

Misa ya mwisho. Nusu ya paa ni mbingu, ndege wameingia wakapiga kelele wakati wa mageuzo. Wanawake walilia, wanaume waliangalia kuta. Padri alibeba Ekaristi kwa miguu mpaka ng'ambo ya barabara, sisi nyuma yake tukiimba katikati ya vumbi la magari ya mgodi.

Alipokuwa ananikomunisha aliniambia kwa sauti ya chini, "Kesho asubuhi nitakuwepo."

Jumatatu, 2 Juni

Tulikuwa Malimi, wenzake wawili kutoka shimoni, mimi na Padri. Walinzi wa lango walitukuta tunaingia na majembe. Padri alikwenda kuzungumza nao. Sijui aliwaambia nini. Alisimama nao kitambo, kisha akaja huku amevaa stola na viatu vyake vimejaa tope mpaka juu, na walinzi wakageuka kutazama upande wa barabara.

Mama hafukui mtoto wake. Hakuna Mkurya asiyejua hilo. Nimelijua tangu nizaliwe, na nilikuja hivyo hivyo. Malimi akaniambia nikae pembeni, nikakataa.

Walivunja saruji kwa nyundo. Ilikuwa ngumu, tuliichanganya vizuri. Jina likapasuka katikati. Kisha wakachimba, na Padri akawa anasali zaburi kwa sauti inayokatika. Nilimjua kwa kitenge. Rangi ya bluu bado ilikuwepo kwenye pindo, nilikipinda mwenyewe kwa mkono. Nililia kwa sauti kama nilivyopaswa kulia siku ile wanaume walipokuwa wanabishana mlangoni. Tulimweka kwenye sanduku jipya, dogo. Mtu mzima anatosha kwenye kitu kidogo sana.

Halafu Malimi akashika jembe akaanza kumtafuta Sospeter. Alichimba karibu na ukuta, akakuta mwamba. Akachimba pale alipokuwa anahesabu hatua, akakuta mmoja wa wachimbaji, lakini mrefu mno, na buti si za Sospeter. Wakamfunika. Kila alipogusa kulikuwa na vichuguu vya Ryoba, udongo juu ya udongo, na chini nyasi zilizooza. Wenzake walisaidia mpaka walinzi wakapiga filimbi mara ya pili. Ilibidi Padri amshike mkono. Malimi hakulia. Alisema tu, "Samahani, Sospeter," akasema kwa kilima chote maana hakujua ageukie wapi.

Nora nimemzika bomani, mkono wa kulia wa mlango, pale anapozikwa mtoto wa kiume.

Jumanne, 3 Juni

Lango limefungwa.

Pentekoste, 8 Juni

Tumesali ndani ya turubai. Wazee wamekaa wakaamua: nimefukua maiti, nimeleta mke wa watu bomani, basi hakuna atakayekula wala kunywa kwangu mpaka nitakaswe. Na kutakaswa kwenyewe kunaanza na kumtoa Nora. Ryoba ndiye aliyeleta habari, alisimama nje ya lango la miba. Nikamwambia asante kwa habari. Amekonda. Nimemhurumia kwa kitambo kidogo tu kisha imepita.

Jumatano, 11 Juni

Mawe ya kwanza yamemwagwa kilimani. Nilisikia nikiwa shambani. Sauti yake ni ndefu, inakwisha, inaanza tena.

Ijumaa, 13 Juni

Rhobi alikuja mchana, hakuingia. Alipitisha kitu juu ya miba: msalaba uliopauka. Jina limekwanguliwa, lakini herufi ya kwanza imebaki, ile S iliyogeuka.

"Niliung'oa kabla hawajafunga lango," akasema. "Mimi ndiye niliyeukwangua, mke mwenzangu. Shemeji yako aliniambia nikwangue."

Nilimwambia karibu uji. Alitazama nyuma, akatazama kibuyu changu cha uji, akaondoka. Lakini alichelewa kidogo kabla ya kuondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Malimi anahama, anakwenda kuchimba Geita. Nilimpa msalaba. Aliugeuzageuza mkononi. Kisha akaniomba jembe, akaja upande wa Nora, akalundika udongo mrefu kama mtu, akasimika msalaba juu yake. Alichonga jina upya. Nikamwelekeza S inavyokaa, akasema hapana, Sospeter mwenyewe ndivyo alivyokuwa anaiandika.

Msimu mzima nimewatukana watu waliolundika udongo mtupu. Leo nimesaidia kuushindilia kwa viganja.

Ameondoka saa sita. Jioni nikiwa nafagia, simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke mzee.

"Wewe ndiye mwalimu? Malimi amesema mdogo wake yuko kwako sasa. Kwamba mlimhamisha."

"Shikamoo, mama. Yuko kwangu."

"Pamefagiliwa?"

"Nina ufagio mkononi."

Nilisikia kuku upande wake. "Mwanangu, niambie wewe, maana Malimi huwa ananificha. Ulimwona kwa macho yako? Yumo kweli?"

"Yumo, mama," nikasema.